Kiwiko cha Lea

Mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa, Lea, binti wa Damari, alianguka kutoka juu ya lori lililobeba magunia yao ya uwele. Aliangukia mkono wa kulia. Nyumba zilikuwa hazijaezekwa, mvua inanukia, kila mtu ana lake. Bibi Martina, mama mkwe wa Damari, akaukanda mkono kwa maji ya moto, akaufunga kitambaa. Uvimbe ukanywea, wakamshukuru Mungu.

Mavuno yalipofika, kiwiko kilikuwa kimeota nundu na mkono haukunjiki. Lea akawa anakula kwa kushoto. Siku moja mzee mmoja mgeni alimpa karanga, naye akapokea kwa mkono huohuo.

"Huyu hamkumfunza adabu?" mzee aliuliza.

Lea akazirudisha karanga, akaenda kujificha nyuma ya ghala. Damari alimfuata, akamkuta analia bila sauti.

"Baba Lea, nampeleka hospitali," alimwambia mumewe, Nathanaeli.

"Mkono wenyewe hauumi. Kwa nini tukautoneshe?"

"Hauumi, lakini haufanyi kazi."

Bibi Martina aliwasikia. Asubuhi Damari na mwanawe walipofika barabarani kusubiri basi, walimkuta amesimama na kikapu chake.

"Mimi ndiye niliyeukanda," alisema. "Nitakwenda kusikia."

Daktari wa hospitali ya misheni, kijana wa kutoka Iramba, alimwamkia bibi kwanza, kisha akaiinua picha ya eksirei dirishani.

"Huu mfupa ulivunjika, ukaunga umepinda. Kwa kupinda kwake, mwenzake, mfupa huu wa kando, akachomoka kiwikoni. Nundu hiyo ndiyo kichwa chake."

"Ni kukanda kwangu?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi. Ulivunjika siku ya kuanguka. Kukanda hakukuuvunja, ila hakukuweza kuurudisha." Akamgeukia Damari. "Nitaukata uliopinda, niunyooshe, niushikize kwa bamba la chuma, kisha nimrudishe mwenzake mahali pake. Siahidi utakuwa sawa na ule mwingine. Lakini tukiuacha, atakua nao hivi hivi."

 Nyumbani Damari alikuwa na uhakika. Hapa, penye harufu ya spiriti, alitamani kumbeba mwanawe akimbie.

"Nitalala?" Lea aliuliza.

"Utalala, hutasikia kitu."

"Basi na iwe leo."

Haikuwa leo, ilikuwa kesho yake. Damari na mama mkwe wake walikaa kwenye benchi la nje. Tangu mvua zile Damari alikuwa na kinyongo naye kwa kuukanda mkono ule, hakukisema hata siku moja. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, alinyoosha mkono kwenye vidole vya bibi. Akavishika. Waliendelea kushikana mpaka nesi alipotoka akitabasamu.

Plasta ngumu aliyofungwa ilipotolewa baada ya wiki kadhaa, mkono ulikuwa mwembamba kama bua. "Usivutwe, usikandwe," daktari alisisitiza. "Aukunje mwenyewe, kidogo kidogo." Agizo hilo bibi alilishika kuliko wote. Jirani mmoja alipoleta mafuta ya kuchulia, alimrudisha toka mlangoni.

Mkono haukurudi wote. Kiganja hakikugeuka juu mpaka mwisho, na kovu lilibaki refu. Ila ulifika mdomoni, ukafika hadi kichwani. Jioni moja Damari alimkuta Lea miongoni mwa wenzake wakicheza rede, anarusha mpira kwa mkono wa kulia.

"Lea! Utaumia!"

Lea hakugeuka. Alikuwa ameshaingia kati, anakwepa mpira.