Chumba Kilichojengwa Kama Bani

Kwa mambo ya hewa, Yotham alikuwa fundi, usimwambie kitu. Alikuwa amekausha tumbaku Inyonga tangu ujana, na bani lake, yaani banda la kukaushia, halikuunguza jani hata moja. Mwaka tisini na sita akahamia Mpanda, akafungua chumba cha video nyumbani kwake. Majirani wakalalamikia kelele, mtendaji wa mtaa akamwonya kwamba zikisikika tena anafunga. Basi Yotham akaziba madirisha kwa matofali, na jenereta akaishusha shimoni nyuma ya nyumba, akaifunika kwa mabati na mchanga.

Kelele zikaisha, lakini watu wakawa wanatoka wamelowa chapachapa. Ndipo akakumbuka bani. Akatoboa matundu chini ya ukuta upande wa kivulini, akayapindisha ili sauti isitoke, na juu karibu na bati akaacha tundu la kutolea joto. Joto likipanda, hewa baridi inavutwa kutoka chini. Watu wakastarehe. Ila upande wa kivulini ndio uliokuwa na shimo la jenereta, na hilo, fundi wetu huyu, hakulifikiria kabisa.

Siku ya kwanza kuonyesha video kwa hewa hiyo mpya, alikuwapo Nyanzala, mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa akisema wazi kwamba binti yake ameolewa na mcheza mikanda. Yotham alitamani mno amkubali. Kwao, kumgusa mama mkwe ni mwiko, hata kukaa naye chumba kimoja ni utovu wa adabu. Kwa hiyo alimwambia mkewe, Scola, amkalishe mama yake benchi la mbele, pale matundu yanapopuliza. Scola akamkalisha, akaenda kuchota maji. Yotham akabaki nje, mlango umefungwa.

Mkanda ulikuwa wa ngumi. Siku zote watu hupiga mayowe, lakini mchana ule walitulia, naye akafurahi. Mtu mmoja akatoka akiyumba, akatapika ukutani.

"Kaka, humo kichwa kinapasuka."

"Umetoka kunywa wapi wewe?" Yotham akamtania.

Mtu yule akakaa chini. Yotham akatega sikio. Ngumi zilisikika, watu hawakusikika. Hofu ikamshika, akasukuma mlango.

Moshi wa petroli ukamkaba. Watu walikuwa wameegemeana, vichwa vimelala. Akaingia, mkwe yumo au hayumo, akaanza kuwaburuta uani mmoja mmoja, huku akimwita Scola kwa sauti yote. Alipofika benchi la mbele, mikono ikagoma. Nyanzala alikuwa ameinama, kitenge kimemteleza begani. Yotham akageuza uso, akamshika aliyekaa kando yake.

Scola alifika mbio, maji yakimmwagikia. Watu walikuwa wamelala uani wakikohoa. Akawapitia wote kwa macho.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani," Yotham akasema. "Nilikuwa nakusubiri uje umshike."