Pembe Haiwezi Kulala Njiani

Jumatatu asubuhi, mwalimu mkuu Zablon akiwa bado anasoma matangazo, Julieth alianguka mstarini kwa mara ya tatu muhula ule. Wenzake walimbeba hadi kivulini. Alipozinduka, miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini, na bega la kulia limechubuka.

"Leo tumefika Mpwapwa," alimwambia mama yake nyumbani. "Nilibeba pembe ya ndovu."

Eustadia, fundi cherehani wa Kanyenye, alimwosha miguu. Kila mtoto aliyezimia shuleni pale aliingia kwenye msafara wa wapagazi wa zamani, wa kupeleka pembe pwani, na hilo halikuwa jipya. Tabora misafara haikuwahi kwisha. Kilichomtesa ni urefu wa njia. Mara ya kwanza Julieth aliishia Tura, akarudi kabla ya kengele. Mara ya pili alivuka pori la Mgunda Mkali, na kurudi kukamchukua saa nzima. Baada ya Mpwapwa ni pwani, na pwani mpagazi mtoto haulizwi kama anataka kurudi. Anauzwa pamoja na pembe yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Akampeleka kwa daktari Modest. Daktari alimpima mapigo akiwa amelala, akampima akiwa amesimama, akatazama bega, akaandika kwenye faili: mchubuko wa mzigo.

"Moyo mzima, mama. Huyu ana kiu. Anywe maji, apate uji na chumvi kidogo, asisimamishwe juani. Dawa iwe ya mwisho."

Akaandika barua kwa shule. Pale shuleni kila mwanafunzi hufika asubuhi na dumu la maji kichwani, la kumwagilia maua ya mbele ya ofisi. Kuyanywa ni marufuku, maana anayekunywa huomba ruhusa ya chooni wakati wa mstari. Maua yale, jamani, yalinawiri kuliko mtoto yeyote.

Mwalimu Zablon aliisoma barua mara mbili. "Mama Julieth, akikaa mmoja, kesho shule nzima imekaa. Na wakaguzi wanakuja."

Basi daktari akatoa vidonge vya kuzuia chumvi isipotee mwilini, kimoja kila asubuhi. Vilifanya kazi. Wiki tatu Julieth alisimama wima kama wengine. Mwalimu akamtoa mbele: "Mnaona? Ni kujikaza tu."

Jumatano mchana kiongozi wa msafara alipiga hodi kwa Eustadia, shuka imepauka, njuga mguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Namtafuta mpagazi wangu."

Eustadia akamwonyesha vidonge. Mzee akavinusa, akaridhika. "Dawa nzuri. Huyu simtaki tena. Lakini pembe haiwezi kulala njiani." Akaomba maji, akanywa kata mbili, akashika njia ya shuleni.

Ijumaa alianguka Tatu, binti wa jirani, ambaye hakuwahi kuanguka maisha yake.

"Ameanzia pale nilipoacha mimi," alisema Julieth, huku akila.

Eustadia alishusha pumzi. Aibu ilikuja baadaye kidogo, ikamkuta ameshafurahi.

Jioni mama Tatu alikuja, mikono bado ina vumbi jekundu la miguu ya mwanawe. "Mama Julieth, wako naye alikuwa akianguka. Ulimpa nini?"

Vidonge vilikuwa vimebaki kumi, juu ya kabati, na duka la dawa halikujua vingine vitakuja lini. Pembe ikishafika pwani kwa bega la mtoto mwingine, hakuna atakayerudi kumdai Julieth. Eustadia aliyajua yote hayo kabla swali halijaisha.

"Hata sikumpa kitu, jirani. Aliacha tu mwenyewe."

Mama Tatu akashukuru. Mlangoni akageuka. "Sasa Jumatatu nimpeleke shule, au apumzike kwanza?"

"Mpeleke," alisema Eustadia, akaendelea kushona.