Matari Mawili Kifuani mwa Tuda

Gari lilikuwa limeshavuka daraja la mwisho la bonde, likiteremka kwenda hospitali mjini Fez, Tuda alipomwomba dereva azime redio, maana midundo ilikuwa inagongana. Kifuani mwake tari la kulia lililia kwanza, la kushoto likafuata limechelewa, na garini kila mtu aliyasikia.

"Huyo wa pili kalala, bibi?" dereva aliuliza.

"Hajalala, kanuna. Hao ni marehemu mume wangu na mdogo wake."

Dereva, naye mpiga tari wa harusini, akasema kwao pia wapo wa namna hiyo.

Aqqa, mumewe, na Bassu, mdogo wa Aqqa, waligombea maji ya mfereji kijijini. Aqqa akaziba njia ya mashamba ya chini kwa jiwe, na kule jiwe la ugomvi haliguswi mpaka waliogombana wapatane. Wakafa hawasemezani, wakahamia kifuani mwa Tuda, aliyekuwa akiwapikia wote wawili. Huko mashamba ya chini milozi ya Izza, binti yake Tuda, ilikuwa inakauka.

Tuda alipoanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, majirani walisema ngozi za matari zimelegea kwa unyevu. Wakamkalisha kifua motoni majira yote ya baridi, kama wanavyokaza matari kabla ya ngoma. Akazidi kuvimba.

Hospitalini daktari Ghita alimgeuzia kioo cha mashine ili naye aone. Vijitu viwili vilikuwa vimepeana mgongo. Tuda aliinua shingo atazame vizuri. Aqqa alikuwa bado na kilemba cha harusi.

Daktari alieleza kuwa moyo umetanuka na kuchoka. Ukuta huu ukiminya, ule umelegea. Ule ukija kuminya, huu umeshaacha. Damu inasukwasukwa mle ndani, inayotoka ni kidogo. Atapitisha waya kila upande, na kijimashine chini ya mtulinga kitawapigisha pamoja.

"Wakipiga pamoja, watasemezana?"

"Mimi natia waya tu, mama. Hayo ya kusemezana, waya hauyajui."

Izza, aliyeshika viatu vya mama yake, aliuliza kama hakuna waya mrefu zaidi, wa kufika mferejini. Hakukuwa nao.

Baada ya kutiwa waya, Tuda aliishi miaka mingi, akipanda darini mwenyewe kuanika sufu. Aliyekaa karibu naye alisikia tari moja. Kila alipokwenda kupimwa, Ghita aliwasalimu Aqqa na Bassu kwa majina. Walikuwa wakipiga pamoja, wamepeana mgongo vilevile. Dereva aliuza gari. Izza aliikata milozi, akaichoma kuokea mkate. Jiwe lipo palepale.