Bakuli Nyuma ya Mchele

Mwezi wa Ramadhani una siku zake, na mwanamke naye ana zake. Zikimjia, dini yenyewe inamkataza kufunga. Atakula, na siku alizokula atazilipa baadaye. Jambo hilo kila mtu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, analijua na hakuna anayelisema. Baba anajua, kaka anajua, na bado mwanamke atakula jikoni amegeukia ukuta, akisikia nyayo za mwanamume anameza bila kutafuna.

Mama Sumaya alitoka huko na desturi hiyo akaifikisha mpaka ughaibuni, Koekelberg, ghorofa ya tatu, kwa mwanawe Karimu. Mwezi ukishaandama, kila alfajiri alichota kidogo katika mabaki ya daku, akatia kwenye bakuli la bati lenye kifuniko, akaliweka kabatini nyuma ya mfuko wa mchele. Hakumwambia mkazamwana wake neno. Warda naye hakuuliza. Mwaka wa kwanza siku zake zilipofika alilikuta, akala, akaliosha, akalirudisha mahali pake. Ndivyo wawili hao walivyoambiana.

Ukaja mwaka ule wa bei. Mchele ulipanda, unga ukapanda, mafuta yakapanda mpaka watu wakawa wanalaza chupa kichwa chini usiku kucha ili tone la mwisho lisipotee. Karimu alipunguziwa siku za kazi ghalani. Warda akabaki na ofisi zake za mtaa wa Schuman, anazozisafisha kabla wenye viti hawajafika. Ramadhani ilipoingia, mfuko wa mchele ulikuwa umesinyaa kiasi kwamba bakuli halikuwa na pa kujificha.

Kumi la mwisho lilipoanza, siku za Warda zikamjia. Alifungua kabati, akafunua bakuli. Wali na maharage, baridi. Akafikiri: tumbo limekwisha kuzoea, na hiki kikirudi sufuriani, jioni Karimu atashiba. Akakirudisha, na jioni Mama Sumaya akakikuta sufuriani. Kesho yake vivyo hivyo. Hakuwa amefunga. Alijua kufunga ni haramu kwake, na hakunuia. Alikuwa na njaa tu, basi. Na njaa ukiizoea inaufundisha mkono ubahili, kwa hiyo hata futari akawa anajipakulia kama anayelisha ndege. Ijumaa, akirudi kazini, alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi, ukuta ukamjia usoni. Akaushika. Mama Sumaya alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama, akatabasamu.

Tabasamu lile Warda hakulielewa mpaka Jumamosi, kwenye maduka ya Waafrika ya Matonge.

Alikuwa ameingia dukani kwa Kasoki kutafuta ndagala, dagaa wa kwao, zile zilizovunjikavunjika chini ya gunia, maana ndizo ambazo bei yake bado ilivumilika. Kasoki ni mwanamke wa Butembo, Mkristo, mcheshi, na mdomo wake hauna mlango.

"Félicitations, hongera, ma chère!" Alipiga makofi mpaka wateja wakageuka. "Na unatufichaka hivi?"

"Nimewaficha nini, maman?"

"Eh! Mama mukwe wako alipita hapa jana. Akachukua ndagala ya muzima, ile kubwa, ya bei. Mie namuambia, donc maman, leo ni sept euros, saba nzima, vitu vimepanda. Sumaya yule! Yule anabishaniaka hadi mufuko ya plastiki! Akatoa feza papo hapo. Nikajisemea, bon, huyu muntu ni mugonjwa. Alors, akaniinamia hapa ku sikio: 'Ni ya mke wa Karimu. Mwezi unaisha, na hajaacha kufunga hata siku moja.' Nikamuambia, maman, mie niko Mukristo, sielewe. Akacheka: 'Muulize mwanamke yeyote wa Kiislamu.'" Kasoki aliegemea meza, macho yamelowa. "Nikauliza. Miaka mitano, Warda! Mungu ni mukubwa."

"Asante," Warda alisema. Akatoka bila ndagala.

Ndani ya metro alikaa na mikono mitupu mapajani. Miaka mitano ya ndoa. Kila mwezi alikuwa akijifungia msalani, akitoka uso umeoshwa. Wanawake wa msikitini walimuuliza, wengine kwa mdomo, wengine kwa kumtazama tumbo. Mama Sumaya hakuwahi. Yeye ndiye aliyewajibu: "Mungu hana haraka, ninyi mnakimbilia wapi?" Halafu leo mwanamke huyo huyo amenunua samaki bila kubishana.

Nyumbani jiko lilinukia nyanya na mawese. Mama Sumaya alikuwa akikoroga huku akiimba kaswida kwa sauti ya chini.

"Umefika, mwanangu. Keti. Usishike kitu."

"Mama..."

"Na kesho usifunge. Dini imekuruhusu, wewe na huyo mwenzako. Karimu akirudi, nitamwambia mimi kabla ya adhana. Uniachie hilo, binti yangu. Nimelingoja sana."

Saa ilikuwa inakwenda. Karimu hangechelewa.

Uongo ukamjia Warda, uongo uliovaa vizuri: nyamaza mpaka Idi ipite, kisha useme imetoka. Wanawake hupoteza mimba, nani atauliza? Akamtazama mama mkwe wake, jinsi alivyokuwa akigeuza samaki mmoja mmoja asije akavunjika. Mwanamke huyu angemlilia mtoto asiyekuwepo. Na Warda angelazimika kukaa karibu yake, amemshika mkono, akilia naye.

"Mama, chakula cha bakuli nilikuwa nakirudisha sufuriani," akasema. "Siku zangu zimefika tangu Jumatano. Sina mimba."

Mwiko uliendelea kuzunguka kidogo, kama haujaambiwa. Kisha ukasimama.

"Tangu Jumatano hujala?"

"Nakula futari. Na daku."

"Nakuuliza mchana."

"Mchele umepanda, Mama. Nikasema kikibaki..."

"Mungu mwenyewe amekwambia kula, wewe umeenda kumbishia kwa ajili ya mchele?"

"Sikunuia kufunga."

"Tumbo linajua nia?"

Mama Sumaya alipunguza moto, akaketi kwenye kiti cha pili, magoti yake yakagusana na ya Warda, maana jiko lile lilikuwa dogo. Alifuta uso kwa pembe ya kanga, akachelewa kuiteremsha.

"Nimefurahi tangu jana asubuhi," alisema polepole. "Usiku nilimpa hata jina."

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe la sufuria, hilo ni kosa lako, na tutalisema vizuri baada ya Idi. La mtoto si kosa. Usinichanganyie."

"Lakini umefurahi bure."

"Nani kakwambia furaha ni ya bure? Nimetoa pesa pale kwa Kasoki." Akacheka kwa pua, kicheko kikamkatikia njiani. Aliuchukua mkono wa Warda, akaugeuzageuza, akaupima kwa kidole gumba kama anayepima kuku sokoni. "Tazama. Mtu mzima, mkono kama mwiko. Mwanangu akinunua shibe yake kwa mkono huu, ataila vipi?"

"Na hilo jina?"

"Nitaliweka. Jina halichachi."

Mlango wa mbele ukafunguka.

"Assalamu alaykum!" Ni Karimu. "Humu mnapika nini leo? Harufu imenipokea tangu chini! Mnataka nifungue kabla ya wakati?"

"Wa alaykumu salaam. Baki huko huko sebuleni!"

"Mama, nataka maji ya kunawa tu..."

"Jikoni kuna wanawake!"

Nyayo zikaondoka haraka, nyayo za mwanamume aliyelelewa Buyenzi. Wakasikia anafungulia redio, sauti juu kuliko kawaida, ili ajulikane hasikii kitu.

Warda aliziba mdomo asicheke. Mama Sumaya alikuwa amekwisha kusimama. Alichota samaki wawili na mchuzi wao kwenye sahani, akaiweka mbele yake.

"Mimi nimefunga, siwezi kuonja. Nyumba hii tangu Jumatano inapikiwa kwa kubahatisha, na aliyeruhusiwa kuonja yumo ndani amefunga mdomo. Haya. Chumvi?"

Warda akaonja. Samaki aliyeyuka ulimini, na njaa aliyodhani ameizoea ikaamka yote kwa pamoja.

"Imepungua kidogo."

Mama Sumaya alitia chembe za chumvi, akakoroga, akapakua tena, mara hii na ugali pembeni.

"Na sasa?"

"Sasa iko sawa."

"Umeonja upande mmoja. Upande wa huku wa sufuria una mambo yake." Akamwongezea.

Warda alitafuna taratibu. "Imekolea, Mama. Kweli."

"Na pilipili je?"

"Hukutia pilipili."

"Ndiyo maana nakuuliza," alisema Mama Sumaya, akachota samaki mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza.