Mfereji wa Kumi na Nane

Fundi aliusukuma ubao wa rafu kwenye mfereji wake, ule mkato uliochongwa ubavuni mwa kabati, ukaingia bila hata kubisha. Alipouachia ukachezacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Balaa gani hili," alinong'ona. Alinong'ona kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ameketi hatua tatu nyuma yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mbele ya mama huyo watu hawatukani.

Mama alikuwa amepakata sahani tisa, zimefungwa kwenye taulo. Zilikuwa kumi na mbili, zawadi ya marehemu mumewe. Mwezi uliopita rafu ya kabati alilotengenezewa na mkwe huyuhuyu ilichomoka yeye akiwa anasali, ikaondoka na tatu. Leo amezileta mwenyewe karakana. Alishasema tangu mlangoni: kabati jipya likizibeba hapahapa, vyema; lisipozibeba atachukua la bati, na mbao za mkwe hazitaingia tena nyumbani kwake.

Kabati la bati! Mkewe akilisikia hilo, mtaa mzima utalisikia.

"Imelegea," mama alisema.

"Itakaa tu, Mama. Bado gundi."

"Hata ile ya kwanza ulisema bado gundi."

Fundi akauchomoa ubao. Ni kweli, ile ya kwanza alijaza pengo kwa gundi na unga wa mbao, akagongea misumari miwili, akamshukuru Mungu. Lakini kosa liko wapi? Plaiwudi ni ya milimita kumi na nane. Kisu cha mashine kinachokata mfereji ni cha kumi na nane. Miaka kumi na minne ametengeneza milango ya mbao nzito, anazipiga randa mwenyewe hadi unene autakao, hajawahi kuaibishwa namna hii.

"Hiyo kumi na nane umeipima?"

"Mama, hakuna anayeipima! Ndilo jina lake. Dukani unaomba kumi na nane, unapewa kumi na nane."

"Kanisani kwetu kuna mtu anaitwa Mrefu. Ananifika hapa." Akajigusa bega.

Fundi akacheka bila kutaka, halafu hasira ikampanda mara mbili. Akanyakua rula ya chuma, akainama, akakodoa jicho. Kumi na saba na kidogo. Akapima ubao mwingine, wa duka la pili: kumi na nane na nusu.

"Wezi! Huyu kapunja, na huyu kazidisha! Sasa nimfuate nani?"

"Ufuate ubao," mama alisema. "Mungu anawaona wao, na wewe anakuona. Kata."

Ikabidi atafute mbavu mpya za kabati, zile mbao za pembeni zinazoshika rafu, aanze upya. Alifunga kisu chembamba, akawa anakipitisha mara mbili kwa kila mfereji, akijaribia kwanza kwenye ubao wa kutupa kwa kipande cha rafu yenyewe. Kikakataa kuingia. Akasogeza reli inayoongoza ubao mashineni, unene wa karatasi tu, kikakataa tena. Akasogeza, akisonya kimoyomoyo. Safari hii kiganja kilikisukuma kikaingia taratibu, na alipopindua ubao juu chini hakikuanguka. Akaandika kwa penseli: rafu moja, mfereji moja, rafu mbili, mfereji mbili, tatu, tatu.

Kwa furaha akaipiga msasa rafu ya tatu, ile ya juu, pande zote mbili, mama asije akachomwa na kibanzi. Rafu moja ikagongwa, ikashika. Mbili ikashika. Ya tatu, ile iliyong'arishwa, ikachezacheza.

Fundi alishika kichwa. Msasa! Ameila mwenyewe kwa msasa!

Akageuka. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa sala yake ya saa tisa. Chupa ya gundi ilikuwa mkononi mwa fundi, unga wa mbao umejaa miguuni. Dakika moja tu ingetosha kuziba pengo. Alisimama hivyo, chupa imeinama, mpaka tone likadondokea kiatu chake. Akairudisha mezani.

"Mama, samahani. Ya juu imelegea tena. Nimeikwangua kupita kiasi. Nitakata nyingine."

Mama alimaliza sala kwanza, ndipo akafumbua macho.

"Na ya chini?"

"Ya chini imeshika."

Mama akainuka na taulo lake la sahani, akalitua juu ya rafu ya chini, akaondoa mkono mmoja, kisha wa pili. Hakikusikika kitu.

"Haya baba, kakate. Ila usiing'arishe tena mpaka nikuombe."

Fundi akaenda kuchagua ubao, rula mdomoni, akinung'unika njia nzima.