Sahihi ya Mke wa Kwanza

Kwa miaka thelathini na miwili Maalim Songoro alikuwa akifungisha ndoa Ujiji, na katika muda huo wote hakupata kuambiwa na mtu kwamba ndoa aliyoifunga haipo. Aliambiwa asubuhi ya Jumatatu, na aliyemwambia alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, tena kwa adabu.

Alikuwa amekwenda kumchukulia Wema nakala ya cheti cha ndoa. Cheti chenyewe kililiwa na mchwa, na mumewe Wema, fundi Jafari wa injini za boti, alikuwa hoi hospitalini kwa maradhi ya figo. Wema alitaka awe na karatasi mkononi kabla Mola hajapitisha hukumu yake.

"Ulipoifunga ndoa hii, Maalim, uliandika hapa 'mke wa pili'," alisema Bi Erica, afisa usajili aliyehamishiwa Kigoma kutoka Rungwe, kidole chake kikiwa juu ya kishina cha cheti katika kitabu cha ndoa. "Na huyu wa kwanza, Skolastika wa Mwamgongo, alifunga wapi?"

"Kanisani. Jafari alikuwa angali Japhet. Kisha akasilimu, nikamsilimisha mimi mwenyewe, na baada ya mwezi nikamwozesha Wema."

Bi Erica akakifunga kitabu taratibu, kama mtu afunikaye maiti uso.

"Basi ndoa hii ni batili, Maalim."

Maalim akacheka. Alicheka peke yake, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Ndoa ya kanisani huandikwa kuwa ya mke mmoja," akaeleza yule binti. "Mume akitaka kuongeza, yeye na mkewe sharti waende pamoja mbele ya hakimu, watamke kwa hiari yao kwamba ndoa yao sasa ni ya wake wengi, watie sahihi. Karatasi hiyo iko wapi?"

"Lakini mwanamume alibadili dini!"

"Alibadili yeye. Ndoa haikubadilika."

"Serikali hii hii inaruhusu wake wengi! Imo katika fomu zenu, na leseni mliyonipa nimeitundika ukutani."

"Inaruhusu. Hairuhusu kumzunguka aliyetangulia."

"Na Wema ni nani sasa?"

Bi Erica aliziangalia kucha zake. "Mbele ya sheria, ni mtu anayemuuguza mgonjwa. Mgonjwa akifariki leo, hata mjane hataitwa." Kisha, alipouona uso wa mzee, akaharakisha: "Ila mlango upo. Wale wawili wakitia sahihi mume akiwa na akili zake timamu, utamwozesha Wema upya, na atakuwa mke. Hakimu nitamwomba aje wodini. Lakini mke wa kwanza lazima aje kwa miguu yake mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Maalim hakuitikia salamu ya mtu, jambo ambalo watu wa mtaa walilizungumza hadi jioni. Alikuwa akiitafuta siku ile katika kumbukumbu zake, na alipoipata alitamani asingeipata. Marehemu mwalimu wake alikuwa na desturi asiyoivunja. Mwanamume akija kuomba kuongeza mke, mwalimu hakuridhika na kauli yake. Alituma wanawake wawili watu wazima hadi kwa mke wa kwanza, wakalisikie neno kutoka kinywani mwake. Maalim Songoro aliirithi desturi hiyo pamoja na msala na joho. Lakini mwaka ule Ramadhani ilikuwa mlangoni, ziwa lilikuwa limechafuka, na Mwamgongo hakufikiki ila kwa boti. Alimwuliza Jafari, "Mkeo ana habari?" Jafari akajibu, "Anayo, Maalim, na ameridhia." Wanawake wawili hawakutumwa. Ni hilo tu. Safari moja ya boti.

Kesho yake alfajiri alipanda boti Kibirizi, na koti lake la kufungishia ndoa begani.

"Maalim, unakwenda kuongeza wa nne huko?" nahodha alimtania, na abiria wakaangua kicheko.

"Nakwenda kumtafuta wa kwanza," alijibu, na wakacheka zaidi, wakidhani ni mzaha.

Alimkuta Skolastika kwenye vichanja vya dagaa juu kidogo ya ufuko, mwanamke mpana wa mabega, kitambaa kimefungwa kichwani kwa fundo la kazi. Akaisugua mikono yake kwenye kitenge na kuinama kidogo, akaamkia na kwa Kiha.

"Shikamoo, mzee. Mwakeye?"

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe Skolastika, mke wa Jafari?"

"Mke wa Japhet."

"Ndiye huyo huyo," alisema Maalim kwa upole, kwani alidhani mwanamke yule ameshikilia jina la zamani kwa mazoea. "Nimekuja na ombi kutoka kwa mke mwenzio, Wema. Hali ya mume wenu si nzuri, na kuna karatasi…"

"Mke mwenza wa nani?"

Lau Maalim angekuwa na masikio yake ya kawaida, angesimama hapo. Hakusimama. Aliendelea kueleza habari za hakimu na za wodi, na maneno yalikuwa yamekwisha kutoka yote alipouona uso wa yule mwanamke.

"Mzee, umekosea boti," alisema Skolastika. "Mume wangu ni besi katika kwaya. Pasaka alipokea komunio nikiwa nyuma yake. Sasa yuko ng'ambo ya ziwa, Kalemi, anatengeneza injini. Juzi kaniandikia ujumbe kwamba mtandao wa huko ni mbovu."

Maalim akajishika kwenye mti wa kichanja. Idi iliyopita Jafari alisali safu ya kwanza, bega kwa bega naye, wakapeana mikono. "Mtu nimsemaye," alinong'ona, "kidole chake cha kati, mkono wa kushoto, kimekatika nusu."

Skolastika aliketi mchangani kama gunia lililokatwa kamba.

Hapo ndipo mzee alipofahamu alilolitenda. Alikuwa amevuka ziwa kuomba sahihi, kumbe amekuja kumtwisha mwanamke wa watu msiba mchana kweupe, mbele ya dagaa wake.

"Tangu lini?" aliuliza Skolastika bila kuinua macho.

"Miaka kumi na mmoja."

"Mwaka huo tulimbatiza Happiness, kitinda mimba wetu. Japhet mwenyewe ndiye aliyeimba." Sasa akayainua macho. "Na aliyewaoza ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ukamwuliza nani kama nimekubali?"

"Nilimwuliza yeye."

Mwanamke akacheka, kicheko kikavu kilichowafanya wenziwe wa vichanja vya mbali wageuze shingo. "Na bado waitwa mwalimu! Ulimwuliza fisi kama mbuzi ameridhika!"



"Nitakuja," alisema Skolastika, akiinuka na kujikung'uta mchanga. "Lakini sahihi yangu usiitegemee. Nakuja kuiona hiyo Kalemi ilivyo."

Walivuka pamoja hadi Kibirizi. Asubuhi iliyofuata, saa tatu na nusu, Skolastika aliingia wodini akiwa na gauni lake la kanisani na viatu vya kufunika. Maalim alimfuata nyuma kama mshitakiwa.

Wema alikuwa pembeni ya kitanda, mtandio umemlegea kwa uchovu. Alipomwona mgeni alielewa papo hapo ni nani. Akainuka, akampa mikono yote miwili.

"Shikamoo, dada. Mungu akulipe kwa kuja. Hata bila kuonana, wema wako naujua. Mawese yako tumeyala kila mwaka."

"Mawese gani?"

"Uliyokuwa ukinitumia. Madumu mawili kila Idi. Jafari akileta husema, 'Salamu za mwenzako.'"

"Madumu yale," alisema Skolastika pole pole, "nilikuwa nampelekea padri wa hapa mjini. Japhet ndiye aliyeyachukua."

Mikono ya Wema ilishuka yenyewe. Akageuka kumwangalia mumewe. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, lakini kope zilikuwa zikitetemeka.

"Fumbua," alisema Skolastika. "Kalemi kuna baridi?"

Akafumbua. Uso ulikuwa umevimba kwa maradhi, midomo imepasuka. "Skola, nilitaka kukwambia…"

"Lini?"

"Kila safari. Nikiiona nyumba nasema kesho. Kesho nikiiona, nasema safari ijayo."

"Na mimi?" sauti ya Wema ilikuwa ndogo. "Uliniambia ameridhia. Uliniambia alilia kidogo, kisha akakupa baraka. Ulinieleza hata nguo aliyovaa!"

Mgonjwa aligeuzia uso ukutani. Maalim Songoro, aliyesuluhisha ndoa za watu kwa miongo mitatu, alisimama ameishika karatasi ya hakimu aliyopewa na Bi Erica, pamoja na kalamu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona haya kuwa mwanamume mbele ya wanawake.

Skolastika akainyakua karatasi, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama asomaye somo altareni. "'Sisi wawili, kwa hiari yetu…'" Akakoma. "Hiari. Maalim, wewe ni mtu wa elimu. Hiari huja baada ya miaka kumi na mmoja?"

"Haiji," alisema Maalim.

"Dada," alisema Wema, "nilijua upo. Sikujua kwamba hujui."

"Nakuamini, na ndicho kinachoniuma. Ungekuwa mshenzi ningepata pa kukushika." Akaikunja karatasi mara mbili. "Sikilizeni. Sikatai kwamba watu huoa wawili. Baba yangu mwenyewe alikuwa na wawili, na wote tuliwaita mama. Lakini mama yangu aliulizwa. Mimi sheria ilinihifadhia kitu kimoja tu, swali, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Nikitia sahihi leo nitakuwa nashuhudia kwamba niliulizwa. Sitautia uongo wake muhuri wangu."

Maalim akapiga hatua mbele. Alijua hana haki, ila huruma ilimsukuma. "Mwanangu, wewe kweli iko kwako. Lakini huyu mtu huenda asiione Ijumaa. Huyu binti amemuuguza, amempikia, amempa miaka yake. Asipoipata sahihi yako, hata jina la mjane…"

"Basi, Maalim," alisema Wema. "Usimwombe."

"Wema, tukiliacha hivi, wewe si mke."

"Mbele ya serikali. Na mbele ya Mungu?"

Maswali ya mirathi, ya eda, ya talaka tatu, yote Maalim Songoro aliyajibu bila kufungua kitabu. Hili hakujua aanzie kitabu kipi.

"Niliifunga nikaha yako na sikuiona kasoro," alisema hatimaye. "Lakini ruhusa ya kuongeza mke ina sharti lake, nalo ni uadilifu, nami niliipokea ahadi ya uadilifu kutoka kwa mtu aliyeianza kwa uongo, kwa kuwa niliogopa mawimbi. Sijui, mwanangu. Nitawauliza walionizidi elimu. La serikali ndilo nilijualo: jibu ni hapana. Na kosa ni langu, si lako. Nitaliandika kitabuni kwa mkono wangu, na leseni nitairudisha."

Wema aliutengeneza mtandio wake, upande huu na upande huu, kwa makini ya mtu anayetaka mikono iwe na kazi.

"Siku ile, lau ningejua kwamba huyu dada hajaambiwa, nisingekaa mkekani kuolewa," alisema. "Leo najua. Nitakaaje mkekani mara ya pili?"

"Wema!" mgonjwa aliita.

Hakugeuka.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Hakimu amefika. Wahusika mko tayari?"

Wanawake wote wawili walimtazama Maalim.

"Mwambie tunamwomba radhi kwa usumbufu," alisema mzee. "Hakuna sahihi."

Muuguzi akaenda zake. Kitanda cha jirani kikalalamika. Kisha yule mtu akalamba midomo yake iliyopasuka, akasema kwa sauti ya besi iliyobaki nusu:

"Mke wangu… nipe maji."

Skolastika alimwangalia Wema. Wema alimwangalia Skolastika. Hakuna aliyejongea. Basi Maalim Songoro akaiweka chini kalamu, akamimina maji kikombeni, akamwinua mgonjwa kichwa, akamnywesha.