Mayai Yaliyokaa Tumboni

Siku ya ishirini na mbili bila yai hata moja, mtunza konokono hakuweza kutulia kitini. Alifunua masanduku yake kumi na mawili, kila moja na konokono wake, akayafunika, akayafunua tena. Udongo mkavu. Konokono wamejikunyata magambani, kimya.

"Tasa hao," alisema mtafiti, bosi wake, macho kwenye kompyuta. "Ijumaa tunawatia kwenye spiriti, tuanze na wengine."

"Wote, mkuu? Kabla hatujawatenganisha walipandana wiki nzima. Na kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Wakose mimba wote?"

"Dada, wewe kazi yako kulisha. Utafiti niachie mimi."

Akarudi kwenye masanduku, lakini roho ilikuwa juu juu. Nyumbani aliacha chakula mezani akajifungia chumbani, hata mumewe akamtania kwamba na yeye ameota gamba.

Alhamisi asubuhi, bosi hajafika, alimwinua mmoja akamweka mbele ya balbu. Gamba la aina ile ni jembamba kama ukucha. Ndani vilionekana vidoa vyeupe, vimebanana. Mayai! Kumbe walikuwa wameyazuia tumboni wakingoja unyevu. Na yeye ndiye aliyeacha kunyunyiza maji, kwa amri ya bosi, ati ukungu usiote.

Hakuomba ruhusa. Alilowesha sanduku moja baada ya jingine, kisha akaanza kuzunguka: mezani, dirishani, mlangoni, mezani tena.

Bosi aliingia, akaona udongo umelowa, akawaka. "Umeniharibia kazi ya mwezi mzima!"

"Mtazame huyu kwenye mwanga kwanza, mkuu. Halafu unifukuze."

Alimtazama. Akakuna kichwa. Akaichukua chupa ya spiriti iliyokuwa tayari mezani, akairudisha kabatini.

Kufika jioni, tisa walikuwa wametaga. Kwa kawaida mayai yao hukaa udongoni wiki mbili ndipo yaanguliwe. Haya yalianguliwa kesho yake, maana vitoto vilishakulia tumboni. Bosi alichekelea, akaandika jina la mtunzaji kwenye daftari la utafiti.

"Nenda kapumzike, dada. Umenishinda."

Hakumsikia. Alikuwa ameinamia masanduku matatu ambayo hayakutoa kitu. Konokono wa humo walikuwa wamekufa, mayai yangali ndani. Walikufa lini? Jumatano? Jumanne? Na ile balbu ilikuwa pale pale mezani siku zote. Akamnyanyua wa kwanza, akamweka kwenye mwanga, akamgeuza, akamgeuza tena.